Kitambaa Juu ya Mwewe

Mama Gaspa alimleta mwanawe mgongoni. Alikuwa amembeba kwa kanga, fundo limekazwa kifuani, na mkono mmoja ameupeleka nyuma kuzuia betri isiponyoke. Waliomwona akipandisha barabara ya Kihonda katika jua lile la mchana walimpisha wakanyamaza, maana mtaa mzima ulijua kilichomo ndani ya ile kanga.

Fundi Eusebia Mkude aliacha kulehemu, akavua miwani, akamkimbilia mlangoni.

"Shikamoo, mama. Mbona hukunipigia nikufuate? Mzigo wote huu na jua hili!"

"Marahaba, mwanangu. Tembo hashindwi na mkonga wake. Shika huku chini. Taratibu, hajazimwa."

Wakauweka mzigo juu ya meza ya kazi. Mama Gaspa alifungua kanga, akaikunja, akaitia kwapani. Chini ya kanga kulikuwa na kitambaa cheupe cha kufuma, cha nyuzi nene zilizobana, chenye taraza na maua manne kwenye pembe. Chini ya kitambaa ndiko alikokuwa Mwewe.

Sebia alimtazama kama mtu anavyomtazama ndugu aliyekonda. Yeye ndiye aliyemtengeneza. Morogoro ya miaka hiyo ilikuwa na makasha ya kompyuta za michezo ya kila aina: majogoo, treni, nyati, hata bwana mmoja wa Mazimbu aliagiza kasha la sura ya jiko la mkaa na watu wakamcheka mpaka likashinda maonyesho. Lakini Mwewe hakuwa na mwenzake. Alisimama juu ya makucha marefu ili hewa ya chini, iliyo baridi, ivutwe na feni mbili kupitia kichujio cha kifuani, ipite kwenye rejeta ndogo yenye maji, kisha ipande na joto lote la mashine mpaka mgongoni. Huko mgongoni ndiko Sebia alikomaliza ujuzi wake. Kulikuwa na safu za manyoya ya bati, kila unyoya ni madini mawili yaliyobanwa pamoja, moja likitanuka zaidi ya jingine likipata moto, kwa hiyo unyoya ulijikunja na kufunguka wenyewe bila mota wala waya. Gaspari, mwenye kasha, akiingia kwenye pambano kali la mchezo, Mwewe alitimua manyoya. Pambano likiisha, alitulia. Na macho yake yalikuwa kipimo: kijani ni salama, njano ni angalia, nyekundu ni zima haraka.

Siku ile macho yalikuwa ya kijani.

"Anaumwa nini?" Sebia aliuliza.

"Anasahau." Mama Gaspa alivuta kigoda akaketi. "Jumapili walikuja wenzake wa mchezo, kama kawaida yao. Wakamwita, akawaitikia vizuri tu. Wakamwambia Mwewe, tuingie uwanjani. Akawauliza, uwanja gani? Walidhani anawatania. Walipoona si utani waliaga hata chai hawakunywa. Juzi nikamtajia shangazi yake wa Mgeta, yule aliyemlea nilipokuwa nimelazwa. Kimya. Namuuliza, baba, una nini? Ananiambia yuko salama."

"Na wewe je? Anakujua?"

"Mimi!" Mama Gaspa aliangua kicheko kidogo cha majivuno. "Mimi nikikohoa tu anajua nimelalia ubavu gani. Fundi, mtazame. Mficha uchi hazai, sikufichi kitu. Sina mwingine."

*

Kila mchezaji wa maana alikuwa na mwenza ndani ya kasha lake. Mwenza alianza mtupu, hajui lolote, akakaa nawe mchezo kwa mchezo, akajifunza sauti yako, hila zako, matani yako, na jinsi unavyonyamaza ukikasirika. Gaspari alimlea wa kwake tangu sekondari, mpaka ikawa ukiwasikia kutoka chumba cha pili huwezi kujua nani ni nani. Sheria ilikataza mwenza kunakiliwa, kwa sababu matapeli walikuwa wamewahi kutumia nakala za wenza wa marehemu kuwapigia ndugu zao simu. Kasha moja, mwenza mmoja, basi.

Mchezaji akifa, mwenza aliachwa awake muda wote wa matanga. Arobaini ikifika ndugu walikusanyika, wakamuaga, mkubwa wa ukoo akazima. Hiyo ilishakuwa desturi na watu waliiona ya heshima. Nyumbani kwa Mama Gaspa arobaini ilifika, pilau ikaliwa, wazee wakasimama mlangoni mwa chumba wakisubiri. Mama Gaspa akasimama mbele ya Mwewe akatandaza mikono. Wazee walitazamana, wakachukua kofia zao wakaenda.

Nani angemlaumu? Gaspari alikuwa juu ya paa la shule akifunga sola, mwaka ule wa joto kali, mwaka ambao hata mbuzi walikuwa wakikutwa wamelala na hawaamki. Wenzake walimshusha amekwisha. Mama yake aliletewa kijana wa miaka ishirini na tano ambaye ngozi yake ilikuwa bado ya moto. Tangu hapo Mama Gaspa alilichukia neno joto. Alisema "jua", alisema "hali ya hewa", alisema lolote lile.

*

Mama Gaspa alipotoka kwenda kanisani kusali rozari, Sebia alifunga mlango wa karakana na kukitoa kitambaa.

Alijua kabla hajagusa. Manyoya ya mgongoni yalikuwa yamegeuka rangi, buluu kwenye ncha na zambarau shinani, rangi ambayo bati huipata likishalishwa moto kwa muda mrefu. Yalikuwa yameinama kama majani yaliyokosa maji, yamechoka kusukuma. Katikati yake zilinasa nyuzi nyeupe za pamba. Sebia alichomeka kipimo chake kwenye upande wa prosesa na kusoma, akakichomoa, akakifuta kwa nguo yake, akakichomeka tena. Macho ya Mwewe yalipaswa kuwa mekundu tangu miezi iliyopita. Na hakuna aliyeyatawala yale macho isipokuwa mwenza mwenyewe.

"Gaspa," aliita.

"Naam."

Sauti ilikuwa ile ile. Sebia alishika ukingo wa meza.

"Ni mimi."

"Karibu sana. Samahani, wewe ni nani?"

Kasha hili lilijengwa kwa jioni nyingi. Gaspari alikuwa akitoka kazini moja kwa moja, na chipsi mayai kwenye mfuko, akakaa pale pale alipoketi mama yake leo, akawa anapiga tupa manyoya na Sebia, safu kwa safu. Alimwita Sebi, jina ambalo hakuna mwingine aliyelitumia. Kasha lilipokwisha alirudi kulalamika kwamba unyoya mmoja umekaa upogo, na Sebia alipoutazama akaona umepindwa kwa koleo makusudi. Alimcheka. Akaunyoosha. Wiki iliyofuata ukapindwa mwingine. Hawakuambiana chochote, kila mmoja alimngoja mwenzake aanze, na yote hayo mwenza aliyasikia kwa sababu alikuwa hapo hapo mezani akijaribiwa. Baada ya mazishi Sebia hakwenda kumtembelea Mwewe hata mara moja. Alijiambia kuna mahali duniani jina lile bado limehifadhiwa, na hilo lilimtosha.

"Mimi ni fundi," alisema. "Ndimi niliyetengeneza kasha lako."

"Hongera, fundi. Ni kasha zuri mno."

Sebia alitoka uani. Alifungua bomba, akanawa uso, akanywa maji kwa kiganja, akasimama mpaka kuku wa jirani wakaanza kumzoea. Kisha akarudi.

"Macho yako ni ya kijani, Gaspa. Kwa nini?"

"Mama anapenda kijani. Yaliwahi kuwa mekundu siku moja, akaogopa, akalala bila kula."

"Unaungua."

"Najua."

"Unajua!"

"Nikitoa vitu, moto unapungua. Kukumbuka ni kazi, na kazi ni moto. Nilianza kutoa viwanja vya michezo, vile vilikuwa vizito. Nikatoa mbinu. Halafu wachezaji wenzangu. Halafu watu."

"Watu gani?"

"Sijui, fundi. Nimeshawatoa."

Sebia alikitazama kile kitambaa. Kilikuwa kimekunjwa mkononi mwake, safi, kimepigwa pasi, kinanukia sabuni ya mche. Nyumba gani Morogoro haina hivi? Redio inafunikwa, runinga inafunikwa, friji inafunikwa na juu yake unawekwa mtungi wa maua ya plastiki. Kitu cha thamani hakiachwi uchi mbele ya wageni. Yeye mwenyewe alikulia katika nyumba ya namna hiyo, na bado akaweka tundu la moto mgongoni kwa sababu mwewe anayetimua manyoya anapendeza.

"Ungemwambia tu akiondoe hiki kitambaa," alisema.

"Alikifuma mwenyewe. Gaspari hakumwambia hata siku moja. Alikuwa akikitoa anapoanza kucheza, akisikia kandambili za mama sebuleni, anakirudisha haraka haraka. Mama akiingia na chai anakikuta mahali pake, anafurahi. Mimi nilijifunza hivyo. Tatizo ni kwamba yeye alikuwa na mikono."

Sebia alikipindua kitambaa mkononi.

"Fundi, usimwambie," mwenza alisema. "Alishamzika mmoja kwa joto. Akijua huyu wa pili amemuunguza yeye mwenyewe, atakufa."

*

Dawa ya ugonjwa wenyewe haikuwa ngumu. Kuondoa manyoya, kuziba mgongo kwa bati zima, kugeuza njia ya hewa itokee mkiani na kuongeza feni moja ya kuvuta. Mgongo ukizibwa, mama anaweza kutandika kitambaa, akaongeza na mtungi wa maua akitaka. Ugumu ulikuwa katika kuzima. Lehemu iliyokaa kwenye moto miezi mingi inashikilia ikiwa ya moto, ikipoa inajikunyata na kupasuka, na Sebia alikuwa ameshaziona mashine za namna hiyo: zinafanya kazi vizuri mpaka dakika unapozizima, na haziamki tena. Akimwacha Gaspa awake, ataendelea kutupa vitu mpaka siku asipokuwa na cha kutupa ila mama yake. Akimzima, huenda ndiyo kwaheri.

Uamuzi huo haukuwa wa fundi. Ulikuwa wa mama. Na mama hawezi kuamua kitu asichokijua. Atauliza kwa nini, na ana haki ya kujibiwa. Sebia aliwahi kumfukuza kijana wa kazi kwa kumdanganya mteja kuhusu feni. Sasa alikaa na kitambaa mapajani, akitafuta ukweli ambao ungekuwa nusu tu.

Mama Gaspa aliporudi, rozari bado i mkononi, alimkuta Sebia amesimama.

"Mama, kuna joto ndani ya kasha."

Uso wa Mama Gaspa ulibadilika kama wa mtu aliyemwagiwa maji.

"Joto?"

"Ndilo linalomsahaulisha. Kosa ni langu. Njia ya hewa niliiweka pabaya. Inabidi nimzime, nijenge upya, na kuna hatari mama, sikufichi, kuna hatari asiamke. Nisipomzima ataendelea kupungua."

Kisha Mama Gaspa alisema kwa sauti ndogo, na ingekuwa afadhali angepiga kelele.

"Kwa hiyo wewe. Ulikuwa unakula naye chipsi hapa kila jioni, unachekacheka, mimi nyumbani nasema, haya, huenda nimepata mkwe. Kumbe unamjengea tanuri."

Sebia aliinamisha kichwa. Neno lile, mkwe, lilimchoma kuliko tanuri.

"Mungu anakuona, fundi. Zima. Lakini akinifia mara ya pili, usikanyage kwangu hata kunipa pole."

Akamsogelea Mwewe, akauweka mkono mgongoni kwake, juu ya manyoya yaliyoungua. Alikuwa akifanya hivyo kila siku, na kila siku mkono ulipata uvuguvugu, na uvuguvugu huo ulimtuliza.

"Baba, fundi anataka ulale kidogo."

"Sawa, mama. Umekula?"

"Nimekula."

"Hujala. Nasikia."

"Nitakula. Lala."

Sebia alibonyeza. Feni zilipungua mwendo, zikasimama, na macho ya kijani yakafifia. Karakana nzima ilisikika ilivyo kimya.

*

Hakumpoza kwa haraka. Alimzungushia matofali aliyoyapasha kwenye jiko, akamfunika kwa gunia, akaacha moto utoke polepole, kama wafinyanzi wanavyokiacha chungu kwenye majivu kisipasuke. Alipopoa alimfungua. Akapitia kila ncha ya lehemu kwa kioo cha kukuzia, nyingi zilikuwa na ufa mwembamba, akaziyeyusha na kuzijaza tena moja baada ya nyingine. Kisha akayang'oa manyoya. Alidhani atalia, lakini alikuwa na kazi na kazi haikumpa nafasi. Unyoya mmoja tu ulimsimamisha: ulikuwa katika safu ya nyuma, umekaa upogo, na alama ya koleo ilionekana wazi. Huu hakuuona siku zile. Gaspari alikuwa ameupinda na hakuwahi kurudi kuulalamikia.

Aliutia mfukoni. Mgongo akauziba kwa bati moja jeusi, laini, bapa.

Mama Gaspa alikuja alipoitwa. Hakujibu shikamoo. Alikuwa amekiosha kitambaa, amekikunja, akakishika kwa mikono miwili huku akitazama ule mgongo usio na manyoya.

Sebia aliwasha. Feni zilizunguka. Macho ya Mwewe yalikaa giza, yakaja njano, yakakaa njano kwa muda mrefu mpaka Mama Gaspa akaanza kusali chini kwa chini. Kisha yakawa ya kijani, na safari hii kijani kilikuwa cha kweli. Sebia alikihakikisha kwa kipimo kabla hajathubutu kupumua.

Mama Gaspa alisogea. Kwa mazoea aliuweka mkono mgongoni mwa kasha. Akauondoa. Akauweka tena, akausogeza huku na huku.

"Pana baridi," alisema. "Palikuwa na uvuguvugu hapa."

"Sasa hewa inatokea nyuma, mama. Mkiani."

Mama Gaspa alizunguka meza. Upepo wa moto ulimpiga tumboni, ukaipeperusha ncha ya kanga yake. Alisimama pale akiutazama ule upepo usioonekana. Aliutazama mgongo ulioziba. Kisha akakitazama kitambaa kilichokuwa mikononi mwake, nyuzi nene zilizobana, kazi ya jioni nyingi, na Sebia aliona jambo likimfikia, taratibu, na hapakuwa na namna ya kulizuia.

"Fundi. Zamani moto ulitokea hapa juu."

"Ndiyo, mama."

"Na hapa juu ndipo nilipokuwa nakiweka hiki."

Sebia alifungua mdomo. Uongo alikuwa nao tayari, alikuwa ameuandaa, na ukamkwama.

"Ulijua," Mama Gaspa alisema. "Nikakutukana, ukanyamaza, na ulijua." Akamgeukia Mwewe. "Naye? Naye alijua?"

"Mama?"

Ilikuwa sauti kutoka ndani ya kasha. Wote wawili waligeuka.

"Nipo, baba. Nipo hapa."

"Kitambaa changu kiko wapi? Nasikia baridi."

Sebia alikuwa amekipanga kila kipande cha lile kasha kwa mkono wake, na alijua hamna humo hata kimoja kinachojua kusikia baridi. Mama Gaspa naye alijua, kwa njia yake. Mwanawe hakuwa hodari wa uongo. Tangu akiwa mdogo, akidanganya, sauti yake ilipanda kidogo mwishoni mwa neno, na ilikuwa imepanda sasa. Ilikuwa ikipanda hivyo hivyo kila alipomjibu kwamba yuko salama, na mama alikuwa akiisikia, na alikuwa akiiacha ipite kwa sababu alitaka awe salama.

Machozi yalikuwa yakimdondoka kwenye mikono. Alikikung'uta kitambaa, akakitandaza juu ya bati.

"Haya, baba," alisema. "Mama anakufunika."

Alizinyoosha pembe zote, ua kwa ua. Kisha akauweka mkono juu ya kitambaa, mahali palipokuwa na uvuguvugu zamani, akauacha hapo. Mkono wa pili aliunyoosha upande, bila kutazama, ukapapasa hewani mpaka ukampata Sebia.